Mganga Hajigangi: Kuipanga Upya Kazi ya Mtumishi wa Afya ili Kuilinda Akili Yake

Ni saa nane usiku, mwezi wa Aprili, na mvua haijakoma tangu jioni. Katika nyumba ya watumishi iliyo jirani na zahanati ya kijiji, kwenye miteremko ya kata ya Suma, wilayani Rungwe, mlango unagongwa. "Nesi, tusaidie, mama ameshikwa na uchungu." Muuguzi anayeufungua mlango huo alikuwa kazini tangu saa moja na nusu asubuhi. Amepima wajawazito, ametoa chanjo, amegawa dawa, kisha amekaa na vitabu vya MTUHA hadi giza lilipoingia. Anavaa viatu vya mvua, anawasha taa ya chumba cha kujifungulia na kuanza kazi upya.

Mtoto anazaliwa salama, lakini damu ya mama haikomi. Muuguzi anampa dawa ya kukaza mji wa mimba, anauchua mji huo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anatafuta simu ili aombe gari la wagonjwa. Gari linafika, linampakia mama na shangazi yake, na kushuka polepole katika tope kuelekea hospitalini Tukuyu. Muuguzi anaosha sakafu peke yake. Saa moja na nusu asubuhi, kina mama wengine wamekwisha kupanga foleni kwenye benchi.

Hakuna anayempigia simu kumwambia kama yule mama alipona. Siku inapita, na wiki inapita. Yeye mwenyewe anaogopa kuuliza.

Nieleze mapema kwamba muuguzi huyu si mtu mmoja ninayemjua, na zahanati hiyo haina jina. Nimeusuka mfano huu kutokana na mambo ambayo watumishi wa vijijini hunieleza wanapokuja kliniki ya magonjwa ya akili. Kwa kawaida huja wakiwa wamechelewa. Hulalamika kwamba hawalali, au kwamba husikia mlango ukigongwa usiku ilhali hakuna aliyegonga. Wengine hukiri kwa aibu kwamba siku hizi huwafokea wagonjwa. Huomba dawa ya usingizi, vitamini au barua ya mapumziko. Mimi huona wagonjwa wawili mbele yangu: mtumishi, na kazi yake. Kwa miaka mingi tumemtibu wa kwanza na kumwacha wa pili aendelee kuugua.

Uchovu huu si uvivu

Mwaka 1974, daktari wa saikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea katika kliniki ya bure mjini New York, alieleza hali aliyoiona kwa wenzake na kwake mwenyewe. Watu waliokuwa wameingia kazini na moyo mkubwa wa kusaidia walikuwa wamebaki kama nyumba iliyoungua ndani huku kuta zikiwa bado zimesimama. Baadaye Christina Maslach na wenzake waliipatia hali hiyo kipimo chenye sehemu tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu za mwili na hisia. Ya pili ni moyo kuwa mgumu, hata mgonjwa akaonekana kuwa "kesi" au "namba tatu" badala ya mtu. Ya tatu ni kujiona hufai na kwamba kazi yako haina matunda.

Shirika la Afya Duniani limeiweka hali hii katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika mwaka 2022. Halikuiita ugonjwa, limeieleza kuwa hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Maelezo hayo yana uzito, kwa sababu yanaelekeza kidole kwenye kazi badala ya kumwelekea mtu peke yake.

Uchovu huu ukiachwa unaweza kufungua mlango wa magonjwa kamili, hasa sonona na wasiwasi uliopitiliza. Mtu mwenye uchovu wa kazi mara nyingi hupata nafuu anapokuwa likizoni. Mwenye sonona huzuni yake humfuata hadi shambani, kanisani na kwenye sherehe ya mdogo wake. Hamu ya chakula hubadilika, usingizi huvurugika, furaha hutoweka, na hali hiyo hudumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Mpaka kati ya hali hizi mbili si ukuta, na mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote.

Madhara hayaishii kwa mtumishi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba sonona na wasiwasi huipotezea dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka. Katika zahanati yenye watumishi wachache, siku moja iliyopotea ni mlango uliofungwa mbele ya mama aliyetembea saa mbili na mtoto mwenye homa mgongoni.

Wito hauongezi saa za usingizi

Mtumishi anapolalamika, jibu letu la kawaida ni kumkumbusha wito. Tunamwambia avumilie, asali, ajipe moyo, ajifunze kupumua taratibu. Wakati mwingine tunamwita kwenye semina ya siku moja kuhusu msongo wa mawazo, naye anaporudi anakuta kazi za siku hiyo zikimsubiri juu ya za kesho yake. Sizidharau sala wala mazoezi ya kupumua, nami huyafundisha. Lakini wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kumshauri mtu namna ya kubeba wakati hatujaupima mzigo wenyewe.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya akili kazini, uliotolewa Septemba 2022, unawataja watumishi wa afya waziwazi. Unashauri kwamba, pamoja na msaada kwa mtu binafsi, taasisi zifikirie kubadili mambo ya kazi yenyewe, kama vile kupunguza wingi wa kazi, kurekebisha zamu, na kuboresha mawasiliano na ushirikiano wa timu. Mwongozo huo unakiri kwamba ushahidi uliopo bado haujawa mzito. Hata hivyo mwelekeo wake uko wazi: kama paa linavuja, kumpa mwenye nyumba koti la mvua ni msaada, lakini halizibi paa.

Kazi ina umbo, na umbo hubadilishika

Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alitoa hoja iliyobadili fikra za wengi. Alisema kazi nyingi peke yake si lazima imwumize mtu. Kinachoumiza zaidi ni madai makubwa ya kazi yanapokutana na uhuru mdogo wa kuamua. Baadaye watafiti waliongeza jambo la tatu, yaani msaada wa wenzako na wa msimamizi. Mtu mwenye kazi nyingi, asiye na sauti na aliye peke yake, ndiye aliye hatarini kuliko wote. Msomaji atakuwa amekwisha kumtambua muuguzi wetu wa Suma.

Katika miaka hiyohiyo ya 1970, Richard Hackman na Greg Oldham waliorodhesha mambo matano yanayoifanya kazi imjenge mtu: kutumia ujuzi wa aina mbalimbali, kuifanya kazi nzima badala ya kipande chake, kujua kwamba kazi hiyo ina maana kwa wengine, kuwa na uhuru katika kuifanya, na kupata mrejesho wa matokeo yake.

Tuipime kazi ya muuguzi wetu kwa vipimo hivyo. Ujuzi wa aina mbalimbali anautumia, tena kupita kiasi. Maana ya kazi yake haina shaka. Lakini uhuru ni mdogo: ratiba ya kliniki, fomu na zamu vimepangwa na wengine. Ukamilifu unakatika pale gari la wagonjwa linapopotea kwenye kona. Mrejesho haupo kabisa. Hajui kama mkono wake uliokoa maisha au la. Hapo ndipo akili yake inapoijaza nafasi hiyo tupu kwa hofu.

Wodi kubwa za hospitali zina tatizo linalofanana. Mwaka 1960 Isabel Menzies alichapisha uchunguzi wake kuhusu wauguzi wa hospitali moja ya London. Aliona kazi imekatwakatwa vipande: huyu anapima joto kwa wodi nzima, yule anagawa dawa kwa wodi nzima, na hakuna anayemjua mgonjwa mmoja kwa ukamilifu. Mpango huo ulidhaniwa kumkinga muuguzi na uchungu wa kufiwa na mgonjwa aliyemzoea. Alichokiona ni kwamba hofu ilibaki palepale, na raha ya kumwona mtu akipona ndiyo iliyoondolewa. Wauguzi wengi wa kwetu wataitambua wodi hiyo bila kufika London.

Yaliyokwisha kufanyika

Kuna mifano ya kutosha ya kuonyesha kwamba kubadili mpangilio wa kazi hubadili matokeo, na baadhi yake ni ya hapa nchini.

Kati ya mwaka 1987 na 1991, katika Hospitali ya Mkoa wa Kigoma, Dkt. Godfrey Mbaruku na wenzake walitekeleza mpango wa hatua 22 wa kupunguza vifo vya uzazi. Hawakuwa na fedha nyingi. Walichunguza kila chanzo cha vifo, wakatumia rasilimali zilizokuwepo, wakatunza vifaa, na wakashughulikia mazingira na mwenendo wa kazi za watumishi. Vifo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Mpango huo haukupima afya ya akili ya watumishi, nami sitadai kwamba ulifanya hivyo. Lakini ninajua tofauti kati ya mkunga anayekwenda kazini akitarajia kifo na yule anayekwenda akijua kwamba timu yake ina mpango.

Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizoijaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Katika hospitali hizo kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha yenyewe ni ukurasa mmoja wa mambo 19. Mojawapo ni kila aliyemo chumbani kujitambulisha kwa jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi. Jambo hilo dogo humpa muuguzi kijana ruhusa ya kusema, "Daktari, tusubiri kidogo," na kumwondolea mzigo wa kunyamaza huku akiona kosa.

Huko Boston, mwaka 2004, watafiti walilinganisha ratiba mbili za madaktari wa mafunzo kazini katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Waliofuata ratiba ya kawaida, yenye zamu za saa 24 au zaidi, walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi ya walipofuata ratiba iliyoziondoa zamu hizo ndefu. Nilipousoma utafiti huo nilikumbuka usiku mmoja wa mafunzo yangu, katika hospitali ambayo sitaitaja. Nilikuwa nimekesha usiku mzima na kufanya kazi mchana mzima, nikaandika kipimo cha dawa ya mtoto mara kumi ya kilichotakiwa. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, aliniita kando na kusema kwa sauti ya chini, "Daktari, mwanangu, hebu isome tena hii." Mtoto hakudhurika. Kwa miezi kadhaa baadaye sikuweza kuandika cheti cha dawa bila mkono kutetemeka, na sikumwambia mtu yeyote.

Mkoani Kilimanjaro, Rachel Manongi na wenzake waliwauliza watumishi wa afya ya msingi ni nini kingewapa ari ya kazi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2006, hayakuzungumzia mshahara peke yake. Watumishi walitaka msimamizi anayekuja kusaidia badala ya kukagua makosa tu, tathmini ya haki, na njia inayoeleweka ya kupanda cheo. Haya ni mambo ya umbo la kazi.

Zahanati ya Suma ikipangwa upya

Turudi kwenye zahanati yetu ya mfano. Tuseme ina watumishi watatu wa kutoa tiba na mhudumu mmoja wa afya. Hatua zifuatazo zinaweza kuanza hata kabla fedha mpya hazijaletwa.

Hatua ya kwanza ni kuupanga usiku. Leo mgonjwa hugonga mlango ulio karibu zaidi, na kwa hiyo kila mtumishi anaishi kama yuko zamu siku 30 za mwezi. Ikiwekwa simu moja ya zahanati inayohama pamoja na zamu, na jina la mwenye zamu likaandikwa ubaoni nje, kila mmoja atakuwa wa kwanza kuitwa kwa usiku 10, wa akiba kwa usiku 10, na huru kabisa kwa usiku 10. Wa akiba huamshwa kwa dharura tu, kama damu nyingi, kifafa cha mimba au mtoto mchanga asiyepumua. Idadi ya wazazi haijapungua hata mmoja. Kilichobadilika ni kwamba mtu anaweza kulala bila sikio moja kubaki mlangoni. Aliyeitwa usiku aanze kazi kwa kuchelewa kesho yake, na jambo hilo liandikwe kwenye ratiba ili lisiwe hisani ya mkubwa.

Hatua ya pili ni kuwaruhusu watumishi wenyewe kuipanga ratiba. Mwenye mtoto mdogo, anayesoma, na anayemuuguza mzazi wana mahitaji tofauti. Mganga mfawidhi akiweka masharti ya msingi, timu inaweza kugawana zamu na kubadilishana kwa maelewano. Huo ndio uhuru ambao Karasek aliuzungumzia, na haugharimu chochote.

Hatua ya tatu ni kuyapunguza makaratasi yanayojirudia. Wekeni saa moja ya mchana kwa ajili ya rejista, badala ya kuziacha zote hadi usiku. Mwisho wa mwezi, mtu mmoja aondolewe kwenye foleni ili aandae taarifa, na zamu hiyo izunguke. Timu ya usimamizi wa afya ya halmashauri nayo ijiulize ni fomu zipi zinazouliza jambo lilelile mara mbili.

Hatua ya nne ni dakika kumi na tano za asubuhi. Timu isimame pamoja na kuulizana: Nani hakulala? Dawa gani imekwisha? Ni mgonjwa gani anatutia wasiwasi? Baada ya kifo au tukio zito, waketi kabla ya siku mbili kupita, wasimulie kilichotokea bila kutafuta wa kulaumiwa. Mama akifariki, uchunguzi rasmi wa kifo hicho una utaratibu wake. Kikao ninachokisema hapa ni cha kumsaidia mkunga aliyebaki na ile sakafu ya kuosha.

Hatua ya tano, nayo kwangu ni ya thamani kuliko zote, ni kurudisha matokeo ya rufaa. Kila mgonjwa anayepelekwa hospitalini aende na namba ya simu ya zahanati juu ya karatasi yake ya rufaa. Mtu mmoja wa hospitali apewe jukumu la kupiga simu au kutuma ujumbe kabla ya saa 48 kupita: amepona, amelazwa, amefariki, na mlichokifanya kilisaidia, au wakati mwingine fanyeni hivi. Ujumbe wa maneno ishirini unaweza kumwondolea mtu miezi ya kukosa usingizi. Hata habari mbaya, ikisemwa kwa heshima, ni nyepesi kuliko ukimya.

Wanaobeba majonzi ya kijiji

Watumishi wa ustawi wa jamii tusiwasahau. Afisa ustawi wa jamii hupokea mke aliyepigwa, mtoto aliyetelekezwa na mzee aliyefukuzwa nyumbani kwa tuhuma za uchawi. Kazi yake haina kipimo cha maabara cha kuonyesha kwamba imekwisha. Mara nyingi yuko peke yake kwa eneo kubwa, na hukaa na siri ambazo hawezi kuzisimulia hata kwa mwenzi wake. Kwake, kuipanga upya kazi maana yake ni kuwa na mtu mwenye ujuzi wa kuzungumza naye kila mwezi kuhusu mashauri mazito, kutokwenda peke yake katika nyumba yenye hatari, na kuchanganya siku za mashauri ya ukatili na kazi nyingine ili moyo upate pumzi.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao wanaingia kwa wingi. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu 137,294 katika kipindi cha miaka mitano. Wanaweza kumpunguzia muuguzi kazi nyingi: kufuatilia waliokosa chanjo, kutembelea wazazi, kuwakumbusha wagonjwa wa muda mrefu kumeza dawa. Lakini kumshusha mmoja mzigo na kumtwika mwingine asiye na posho ya uhakika, mafunzo wala msimamizi, si kupanga upya kazi. Ni kuhamisha maumivu. Kila jukumu linaloshuka lishuke pamoja na haki zake.

Mahali dawa hii inapofika ukomo

Ningekuwa daktari mbaya kama ningeitaja dawa bila kutaja mipaka yake. Mwongozo wa ikama wa mwaka 2014 uliweka watumishi 15 hadi 20 kwa zahanati moja. Pale ambapo watu watatu au wanne wanafanya kazi ya watu 15, hakuna ratiba, hata iwe ya busara kiasi gani, inayoweza kuzaa watu wasiokuwepo. Kiongozi anayeutumia mpangilio mpya kama kisingizio cha kutoajiri anaitumia dawa vibaya. Mpangilio mzuri huwasaidia waliopo wasivunjike, na huonyesha kwa takwimu ni wangapi wanaokosekana.

Sheria nayo iko upande wa mtumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, saa 24 za mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka, pamoja na taratibu zake za kazi za ziada. Wengi wetu tumezizoea saa za ziada hadi tukasahau kwamba zinapaswa kuhesabiwa. Kuanza kuziandika ni hatua ya kwanza ya kuzidai.

Kwa mgonjwa na ndugu zake

Huenda wewe unayesoma ni mgonjwa, na umewahi kujibiwa vibaya na mtumishi. Hilo si haki, na unayo nafasi ya kulalamika kwa mganga mfawidhi au kwa kamati ya zahanati. Uchovu unaeleza ukali, hauuhalalishi. Lakini ukiwa mjumbe wa kamati hiyo, au ukisimama katika mkutano wa kijiji, uliza pia: Mtumishi wetu analala lini? Nyumba yake inavuja? Anapotembea usiku kwenda kuzalisha, nani anamsindikiza? Vijiji vilivyojenga zahanati kwa ujima, kwa kusomba mawe na kufyatua matofali, vinaweza kushindwa kumpangia muuguzi mtu wa kumshikia taa?

Tena, mama akipona, rudini kusema. Katika lugha ya Kinyakyusa neno *ndaga fijo*, yaani asante sana, ni fupi. Kwa mtu aliyekesha, ni mrejesho ambao hakuna mfumo wa taarifa unaoweza kuuleta.

Ukiwa umekwisha kuumia

Mtumishi mwenzangu, kama kwa wiki mbili au zaidi hulali, hufurahii chochote, unakunywa pombe ili upate usingizi, au unawaogopa wagonjwa, usijitibu kwa dawa za stoo. Waswahili walisema mganga hajigangi, na hapa walisema kweli tupu. Nenda ukamwone mtaalamu, ikibidi katika kituo kingine mbali na unapofanyia kazi ili siri yako itunzwe. Sonona inatibika, kwa mazungumzo ya kitaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Ikiwa umeanza kufikiri kwamba heri usingekuwepo, mwambie mtu leo hii na usikae peke yako. Hiyo ni dharura kama ilivyo damu isiyokoma.

Nawe kiongozi, mtumishi anaporudi kutoka kwenye matibabu, usimrudishe kwenye umbo lilelile la kazi lililomwumiza. Mpunguzie zamu za usiku kwa muda, muulize ni kipande gani cha kazi kinachomlemea, na ukibadilishe.

Naimaliza safari yetu pale tulipoianzia. Ni asubuhi katika zahanati ya mfano. Muuguzi anawapima watoto uzito, na foleni ni ndefu kama jana. Simu ya zahanati inalia. Ni mkunga wa zamu kutoka hospitalini. "Dada, yule mama wa juzi usiku: tumemwongezea damu, anaendelea vizuri, kesho anaruhusiwa. Ulifanya vema kuanza kumchua mji wa mimba mapema." Muuguzi anashukuru, anakata simu, na kumwita mtoto anayefuata. Usiku huo si zamu yake, wala si wa akiba. Mvua itanyesha juu ya migomba, na mlango utakaogongwa utakuwa wa mwenzake.